Hatia ya Asiyejua: Oedipus na Suala la Dhima ya Binadamu

Miongoni mwa visasili vya Wayunani wa kale, hakuna kinachozua ubishi darasani kama kile cha Oedipus, mtu aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila ya kujua. Kila tunapofikia tamati ya somo, swali huwa ni lile lile: mtu huyu ana kosa gani? Hakukusudia uovu. Alipoambiwa kwamba angeutenda, aliihama nchi aliyodhani ni yake ili auepuke. Wengi wa wanafunzi huamua upesi kwamba hana hatia, na kwamba kitendo chake cha kuyatoboa macho yake mwenyewe ni ukatili usio na maana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi huo, ingawa una haki ndani yake, haujalijibu swali lote. Tutashikilia kwamba kutokuwa na hatia ni jambo moja, na kutohusika na tendo ni jambo jingine. Na kwamba kisasili hiki kimedumu kwa sababu kinakataa kuyachanganya mambo haya mawili.

Ni vyema tuanze kwa kutenga kisasili na tamthilia. Aghalabu wasomaji wetu humjua Oedipus kupitia tamthilia ya Sophocles, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la *Mfalme Edipode* (1971). Hata hivyo, kisasili ni kikongwe kuliko tamthilia hiyo. Katika kitabu cha 11 cha *Odisei* ya Homer, Odysseus anasimulia jinsi alivyoiona kuzimuni roho ya mama yake Oedipus, ambaye huko anaitwa Epicaste. Mama huyo alijinyonga baada ya miungu kuifichua siri. Oedipus kwa upande wake aliendelea kutawala Thebes, ijapokuwa katika mateso mengi. Hapatajwi kupofuka wala kuhamishwa. Tofauti hii ina uzito. Yaonyesha kwamba msiba ndio uliokuwa kiini cha masimulizi, ilhali namna ya mtu kuukabili msiba wake iliachiwa kila msimulizi. Sophocles alipomfanya shujaa wake ajipofushe, alikuwa akilijibu swali ambalo Homer hakulisimamia: mtu afanye nini siku anapojijua?

Wapo watakaosema kwamba swali hilo ni la bure, maadamu yote yalikwisha kupangwa na miungu. Hoja hii haisimami tukiisoma tamthilia kwa makini. Utabiri wa Delphi ulihusu mauaji na ndoa tu, na mambo hayo yalikwisha kutukia miaka mingi kabla ya tamthilia kuanza. Haukusema kwamba Oedipus atayachunguza. Mhakiki E. R. Dodds, katika makala yake mashuhuri ya 1966, alisisitiza kwamba yale Oedipus anayoyatenda mbele ya macho yetu anayatenda kwa hiari. Ni yeye anayemtuma Creon Delphi wakati wa tauni. Ni yeye anayepiga mbiu na kumlaani muuaji wa Laius. Ni yeye anayembana Tiresias aseme asichotaka kusema. Jocasta, aliyeng'amua kabla yake, anamsihi aache kuuliza. Hasikii. Mchunga mzee anaogopa kulitamka neno la mwisho, naye anamlazimisha kwa vitisho. Katika kila hatua mlango wa kurudi nyuma ulikuwa wazi, na hakuna mungu aliyemsukuma kuendelea.

Hapa kisasili kinafichua sura mbili za tabia ya binadamu. Ya kwanza ni kiu ya kujua, hata pale elimu inapotishia kumwangamiza mwenye kuitafuta. Ya pili ni wepesi wetu wa kudhani kwamba tayari tunajua. Oedipus alikitegua kitendawili cha Sphinx, ambacho jibu lake ni binadamu. Lakini binadamu mmoja, yaani yeye mwenyewe, hakumjua. Tukumbuke pia kilichompeleka Delphi alipokuwa kijana. Mlevi mmoja alikuwa amemwambia kwamba yeye si mwana wa mfalme Polybus wa Corinth, naye akaenda kuuliza wazazi wake ni nani. Mungu hakumjibu hilo. Alimpa utabiri tu. Kijana akaikimbia Corinth kana kwamba amejibiwa, akalisahau swali lake mwenyewe, na katika njia panda akamuua mzee ambaye umri wake ungetosha kuwa baba yake. Ni kweli kwamba alishambuliwa kwanza. Lakini mtu aliyekwisha kutabiriwa hivyo alikuwa na sababu ya kuuogopa mkono wake kuliko watu wengine wote. Wahenga wanasema usilolijua ni usiku wa giza. Oedipus alitembea katika usiku huo akidhani ni mchana. Huenda hilo ndilo lililo karibu zaidi na *hamartia* aliyoizungumzia Aristotle, neno ambalo wengi hulifasiri kama dosari ya tabia, ingawa maana yake ya msingi ni kukosea, kama mrusha mkuki anavyoikosa shabaha.

Je, Wayunani hawakujua tofauti kati ya kukusudia na kutokusudia? Waliijua vizuri. Sheria ya Draco ya karne ya 7 K.K., ambayo Waathene waliichonga upya katika jiwe mwaka 409/408 K.K., iliweka adhabu ya uhamisho kwa aliyeua bila kukusudia, na ikaruhusu jamaa za marehemu kumsamehe. Kesi za namna hiyo zilikuwa na mahakama yake, tofauti na ile ya wauaji wa kukusudia. Aristotle naye, katika kitabu cha 3 cha *Maadili ya Nikomako*, anaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii. Anasema kwamba aliyetenda kwa kutojua kisha akajuta, huyo alitenda kinyume cha utashi wake. Lakini aliyetenda kwa kutojua na asijute hawezi kuwekwa katika fungu hilo hilo. Kwa maneno mengine, msimamo wa mtu baada ya tendo husaidia kutuambia lilikuwa tendo la namna gani. Majuto ni mjukuu, twasema. Katika nyumba ya Oedipus methali hii ina uzito wa kutisha, kwani watoto aliozaa Jocasta na mwanawe walikuwa pia wajukuu wake.

Tuuondoe mjadala huu vitabuni kwa muda. Jirani yetu mmoja kijijini alikuwa dereva wa lori. Siku moja mtoto aliruka barabarani kuufuata mpira, naye hakuwahi kusimama. Hakimu alisikiliza mashahidi, akaona kwamba dereva hakuwa na kosa, akamwachilia. Mtu huyo alikwenda na wazee kwa wazazi wa marehemu, na kwa miaka kadhaa alimlipia karo ya shule ndugu yake mtoto yule. Hakuna aliyemwamuru. Alipoambiwa, "Si kosa lako, ndugu, ajali haina kinga," alikuwa akijibu, "Najua. Lakini usukani niliushika mimi." Tuseme basi kwamba angelipokea neno la hakimu, akarudi kazini kesho yake, asiwataje tena wafiwa. Sheria isingekuwa na la kumwambia. Hata hivyo sisi majirani tungelimwona kuwa amepungukiwa na kitu. Mwanafalsafa Bernard Williams, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu aibu na ulazima, anaitetea fikra hii ya Wayunani: kwamba maisha ya mtu yamefumwa kwa yale aliyoyatenda, si kwa yale aliyoyakusudia pekee.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa Sophocles mwenyewe. Katika *Oedipus huko Colonus*, tamthilia iliyoigizwa mwaka 401 K.K. baada ya mtunzi kufariki, Oedipus aliyezeeka anajitetea kwa nguvu. Anadai kwamba mambo yale aliyateseka kuliko kuyatenda, na kwamba mbele ya sheria yeye ni safi. Je, amekana yote? Hapana. Katika tamthilia hiyo hiyo, Theseus anapomrudishia binti zake, mzee anataka kumshika mkono na kumbusu kwa shukrani. Kisha anajizuia, asije akamgusa mtu mwema kwa mwili ulioingiwa na doa. Anayedai kwamba hana hatia ndiye huyo huyo anayerudisha mkono wake. Hatuoni ukinzani hapo. Ni kauli mbili za kweli zinazokaa katika kifua kimoja: sikukusudia, na ni mimi.

Fasihi yetu ina mfano unaosaidia kuipima hukumu hii. Mwana wa Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, naye ni muuaji wa baba yake. Lakini yeye alijua. Alimdadisi baba siri ya kifo chake, akamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, kwa tamaa ya alichoahidiwa. Hadhira haisiti kumlaani. Tukiwaweka wana hawa wawili pamoja tunaona kwamba nia ina uzito mkubwa katika hukumu yetu. Mwenye kumlaumu Oedipus sawasawa na huyu atakuwa amepotoka. Lakini tunaona pia kwamba damu ya baba haifutiki kwa sababu tu mmojawapo hakuijua.

Yapo mafunzo hapa kwa wenye mamlaka, na kwa sisi tunaowaweka mamlakani. Oedipus aliitoa laana yake hadharani kabla ya kumjua mlaaniwa. Ilipomrudia hakudai kwamba mfalme hahusiki, wala hakusema kwamba wasaidizi wake walimficha habari. Mchimba kisima aliingia mwenyewe, tena kwa miguu yake. Tumezoea kuwasikia watu wazito wakisema "sikujua" na kuliacha neno hilo lifunge mjadala, ilhali waliofiwa na walioporwa wangali wanangoja. Oedipus alikuwa na haki ya kusema "sikujua" kuliko wengi wa hao, na hakulitumia neno hilo kukwepa aliyoyatenda.

Wanafunzi wanapouliza kosa lake ni lipi, basi, twaweza kukubaliana nao kwamba hukumu ya mahakama ingemwachilia. Kisha tuwaulize: na baada ya kuachiliwa, aende wapi, na akawaambie nini watoto wake?