Huzuni ya Mzazi na Heshima ya Mwenye Kilema katika Tungo Zetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Twaandika waraka huu tukiwa Ikoma, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, ambako mtu wa pwani aliyehamia bara huja na tenzi zake kama ajavyo na msala wake. Nyumba ikipatwa na jambo, malenga hutakiwa atunge. Basi huulizwa: akizaliwa mtoto kipofu, au mtu mzima akapooza viungo, je, yafaa jamaa wamtungie shairi la kulia? Au shairi hilo lamvunjia heshima?

Jawabu letu ni kwamba kulia si dhambi, lakini na yatazamwe machozi hayo yamlilia nani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akaeleza kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Basi huzuni ina ruhusa. Lakini Ibrahim alikuwa amefariki. Mwenye kilema yu hai, amekaa ukumbini, na asikia. Amtungiaye shairi la matanga amemzika kabla ya siku yake. Amemfanya kuwa msiba wa nyumba, ilhali yeye ni mtu wa nyumba.

Kitazameni kisa cha Nabii Ayubu, ambacho wazee wetu walikitungia utenzi, nao ni mmoja wa tenzi sita alizozitia chapani J. W. T. Allen mwaka 1971. Qurani, katika Sura Al-Anbiyaa, yaeleza dua yake kwa maneno machache: kwamba dhara imempata, na Mola wake ndiye mwenye kurehemu kuliko wote. Hakuyahesabu maumivu yake. Wasimulizi ndio walioongeza funza na uvundo na kutupwa jalalani, ili wasikilizaji walie. Maulamaa wa itikadi wameyakataa hayo, kwa kuwa Mitume hawapatwi na maradhi ya kukimbiza watu. Na faida ya neno hili haiishii kwa Mitume. Atafutaye machozi ya watu kwa kuuvua mwili wa mgonjwa mbele yao ameifanya sitara ya mwenziwe kuwa mtaji wake.

Tena, katika Sura Saad, Ayubu aamrishwa achukue kicha cha vijiti apige kwacho, asivunje kiapo. Wafasiri wamesema kwamba aliapa katika ugonjwa wake kumpiga mkewe, naye ndiye aliyemuuguza. Mwenyezi Mungu akamfanyia mke huyo wepesi. Hapa pana kweli ambayo malenga wengi huificha. Nyumba yenye mgonjwa ina uchovu na ghadhabu, na maneno yatokayo pasipo kukusudiwa. Shairi limfanyalo muuguzi malaika, na mgonjwa mtu asiyekasirika, halikusema kweli juu ya yeyote kati ya wawili hao.

Na Nabii Yaakub macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya Yusuf. Jamaa zake walimlaumu, akajibu kwamba amshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. Msafara ulipoondoka Misri na kanzu ya Yusuf, yeye ndiye aliyeipata harufu ya mwanawe, na wenye macho wakasema yu katika upotevu wake wa kale. Basi katika nyumba ile kipofu ndiye aliyejua.

Na katika tungo zetu wenyewe yuko Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Naye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi, akamtaka aketi karibu na wino na karatasi. Maradhi ameyataja kwa uchache, kisha akaendelea na wasia na dua. Hakungoja wengine wamlilie. Alisema mwenyewe, kama mama, na ugonjwa haukumvua umama.

Sharia nayo imekwenda njia hiyo. Imamu Nawawi, katika Minhaj, amesema kwamba katika uimamu kipofu na aonaye ni sawa. Mtume alimwachia Ibn Umm Maktum, naye ni kipofu, kuwasalisha watu wa Madina. Na Sura An-Nur yamtaja kipofu na kiwete na mgonjwa, kwamba hapana lawama wakila pamoja na watu majumbani. Vipi basi mtu amfiche mwanawe chumbani wageni wajapo, kisha usiku amsomee shairi la mapenzi?

Huenda mtu akasema: je, mama anyamaze na moyo wake wawaka? La, na aseme. Lakini huzuni ni ya mzazi, na heshima ni ya mtoto, na visichanganywe. Mzazi akisema, “mimi nimeumia,” amesema kweli. Akisema, “wewe ndiwe maumivu yangu,” amemtwika mtoto mzigo usio wake.

Kwa hiyo twanasihi hivi: shairi juu ya mwenye kilema asomewe yeye kwanza, kabla ya watu. Akilikataa, lisisomwe. Na akiwa hafahamu maneno, haki yake haikupungua, bali imezidi uzito, kwa kuwa hana wa kumtetea. Sitara yake ni amana shingoni mwa walii wake, naye ataulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.