PDF ya Bure ni Mali ya Nani?



Katika vikundi vyetu vya WhatsApp kitabu hakiombwi kwa maneno mengi. Mtu anauliza, "Nani ana PDF ya Peponi?" na kabla adhana ya Isha haijamalizika faili limeshatua, likifuatwa na "Jazakallahu khayran" kumi na tano. Dua hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Tunamwombea heri aliyetutumia. Je, alikuwa na haki ya kutuma?

Sizungumzii vitabu vya kozi. Hivyo vina hoja zake za dharura, na wahadhiri wetu wenyewe wanajua vibanda vya fotokopi viko wapi. Nazungumzia riwaya, kitu ambacho hakuna atakayefeli asipokisoma. Mimi si mwanafunzi wa fasihi, ni msomaji wa kawaida tu wa usiku, na nadhani wengi wetu ndivyo tulivyo. Kwenye riwaya nia ya mtu huonekana vizuri, kwa sababu hakuna mtihani wa kujifichia.

Tuanze na lililo jepesi. Haki ya mwandishi haidumu milele. Mkataba wa Berne, unaofuatwa na nchi nyingi duniani, unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine zimefika 70. Dickens alifariki 1870, Dostoevsky 1881, Tolstoy 1910. Maandishi yao sasa ni ya watu wote. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Marekani, Michael Hart, aliandika kwa mkono wake Tangazo la Uhuru la nchi yake kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois ili yeyote alisome. Hapo ndipo ulipoanzia mradi wa Gutenberg, ambao leo una vitabu zaidi ya 70,000, bila malipo na bila kujisajili. Hart hakuwa akifikiria waqfu, lakini mimi nikiutazama mradi huo naona kitu kinachofanana nao sana. Riwaya nzima bila picha mara nyingi haifiki MB 1, yaani ni ndogo kuliko picha moja ya harusi. Na kwenye simu kitabu hakina unene: Vita na Amani, ambayo ikiwa mezani inatisha kama tofali, inaanza kwa ukurasa mmoja tu kama hadithi nyingine yoyote. Asiyekuwa na subira na tofali hilo aanze na Hadji Murat, kitabu kifupi cha Tolstoy kilichochapwa baada ya kifo chake, kuhusu mpiganaji Mwislamu wa Kaukazi aliyefarakana na Imamu Shamil. Hata hivyo kuna mtego. Tolstoy amekufa zamani, lakini mfasiri wake huenda yu hai. Tafsiri mpya ya Kiingereza ni kazi mpya yenye mwenyewe, kwa hiyo jina la Tolstoy juu ya jalada halitoshi kuifanya iwe halali.

Sasa walio hai. Hoja ya kwanza ninayoisikia msikitini na bwenini ni kwamba elimu haimilikiwi. Ina mizizi. Katika karne za kale warraki wa Baghdad alilipwa kwa karatasi, wino na jasho la kunakili; maneno yenyewe hayakuwa na bei. Inasimuliwa kwamba al-Jahiz alikuwa akikodi maduka ya warraki ili alale humo akisoma usiku kucha, na hakuna aliyemdai kitu kwa niaba ya waandishi. Baadhi ya mafaqihi wa Kihanafi wa Bara Hindi waliikataa hakimiliki kwa msingi wa namna hiyo. Lakini wakati ule kunakili kulikuwa kazi ya wiki kadhaa. Nakala moja haikumfilisi mtu. Leo nakala elfu moja ni kazi ya kidole. Mwaka 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilitamka kwamba haki za utunzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivunja. Nami naona limepata. Aya ya 188 ya Suratul Baqara, inayotukataza kuliana mali kwa batili, haikusema mali lazima ishikike mkononi.

Na tutazame ni mali ya nani hasa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise mwaka 1994 na akapata Nobeli mwaka 2021. Peponi ni tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, iliyochapwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Anayeisambaza PDF yake hamwibii tajiri wa London. Anawapunguzia pumzi wachapishaji wachache wanaothubutu kuchapa riwaya nzito kwa Kiswahili, halafu kesho tunalalamika kwamba Kiswahili hakina vitabu.

Hoja ya pili ni ya unafiki wa wakubwa, na ni ya kweli. Dickens alipozuru Marekani mwaka 1842 alilalamika kwamba vitabu vyake vinachapwa huko bila yeye kupata senti, na magazeti ya huko yakamshambulia kuwa mlafi. Sheria yao haikuwalinda waandishi wa kigeni mpaka 1891. Waliokula bure walipokuwa wachanga leo wanatuhubiria. Sawa. Lakini tangu lini dhambi ya jirani ikawa fatwa yetu?

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: "Nisingekinunua hata hivyo, basi nani amepoteza?" Anayesema hivi mara nyingi hana kadi ya benki, na duka la karibu halina kitabu hicho. Nimeifikiria sana. Kiti kitupu kwenye basi la Kampala kwenda Mbale hakimgharimu konda kitu nikikikalia bila nauli, lakini akinifikia nitaona haya, kwa sababu ninajua ruhusa si yangu kujipa. Hasara ni jambo moja, ridhaa ya mwenye mali ni jingine, na sharia inaulizia ridhaa. Ridhaa huombwa, na sisi hatujajaribu hata kumwandikia mchapishaji barua pepe ya mistari mitatu.

Wauzaji nao wasijione wasafi. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za 1984 na Animal Farm kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini tulijifunza jambo: tunaloliita kununua kitabu cha kidijitali mara nyingi ni kibali cha kusoma tu. Hukiazimi utakavyo, wanao hawakirithi, hukiweki waqfu, maana huwezi kuwakfu usichokimiliki. Biashara ambayo mnunuzi anadhani amemiliki na muuzaji anajua hakumiliki ina harufu ya gharari, na ningependa wanazuoni wetu wailaumu kwa sauti ileile wanayotulaumu nayo sisi.

Ndiyo maana, kwa waandishi walio hai, nakipendelea kitabu cha karatasi. Watu ishirini wakichanga shilingi 2,000 kila mmoja zinapatikana 40,000 za riwaya moja, na bweni zima likaisoma kwa zamu, likikunja kurasa na kumwagia chai, bila kumdhulumu mtu. Kabati la jumuiya yetu karibu na chumba cha wudhu lina rafu mbili tupu.

Kinabaki kisa kimoja: kitabu kilichokwisha sokoni, mwandishi yu hai, mchapishaji amefunga, na nakala pekee ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu. Mimi nakisoma, lakini sikitumi kwenye kikundi. Wenye fiqhi miongoni mwetu watuandikie katika toleo lijalo kama tofauti hiyo ina mashiko. Wallahu aalam.