Hata Sauti Imevaa Ngozi



Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za mzee Isaka, aliyekuwa amepofuka macho. Yakobo alipomjia akijifanya kuwa Esau, alijifunika ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Ngozi zikadanganya vidole vya mzee, na mavazi ya Esau yakadanganya pua yake. Sauti peke yake haikudanganya. Isaka aliitambua, akaona shaka, wala hakuifuata shaka yake.

Siku hizi hata sauti imevaa ngozi. Mwezi Januari 2023 wataalamu wa kampuni ya Microsoft walieleza habari za programu iitwayo VALL-E, iwezayo kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa sekunde 3 tu. Hiyo ni kazi ya akili mnemba. Mwezi Machi mwaka ule ule, picha ya hayati Baba Mtakatifu Fransisko amevaa koti jeupe, nene kama godoro, ilienea ulimwenguni, na wengi wakaisadiki. Hapakuwa na koti wala mpiga picha.

Hapa Tanzania tulikwisha kuonja udanganyifu ulio mnyonge kuliko huo. Nani hajapata ujumbe wa simu usemao, “Ile hela itume kwenye namba hii”? Twaucheka, kwa kuwa hauna jina wala sauti. Je, utakapokuja kwa sauti ya mwanao aliye chuoni Mwanza, akilia kwamba amegongwa na gari? Mama gani atakaa kutafakari?

Hata hivyo, fedha si hasara iliyo kubwa. Walaghai wakizidi, siku moja mwana atapiga simu akiwa amegongwa kweli, naye babaye ataikata akisema, “Ni matapeli hao.” Ndipo msema kweli atakapolipa deni la mwongo. Amri ya Nane yailinda njia ile wapitayo watu kwenda kusaidiana. Kwa hiyo hatukubaliani nao wasemao kwamba dawa ni kutomwamini mtu yeyote.

Afadhali watu wa nyumba moja wapatane neno lao la siri, lisiloandikwa popote wala kutumwa kwa simu. Bibi afundishwe kwanza. Aombaye fedha kwa haraka aulizwe neno hilo. Akishindwa, kata simu, kisha piga mwenyewe kwa namba uijuayo, au mtafute mwenzake wa chumbani. Na mtoto asidhani ametukanwa anapoulizwa, wala baba asikasirike mwanawe amwulizapo.