Ngoma ya Ugenini

Watu wetu wa Salamabila, wa Kabambare na wa Kasongo husafiri sana. Wengine wafuata biashara, wengine masomo, na wengine walitoka kwao kwa kukimbia vita. Wanaporudi, mara nyingi hutuuliza swali moja: "Je, Mkristo aliye safarini, katika mji mkubwa wa nchi nyingine, akiingia usiku katika jumba la dansi, afanya dhambi?" Wapo wanaojibu upesi, "Ndiyo, ni dhambi." Wapo wanaojibu upesi vile vile, "La, si kitu." Lakini katika mambo ya dhamiri, jibu la upesi mara nyingi ni jibu la mvivu. Tulitazame swali hili polepole.

1. DANSI YENYEWE

Kwanza tuseme wazi: kucheza si dhambi. Mungu ndiye aliyeiumba miguu, naye ndiye aliyempa mwanadamu sikio la kutambua mapigo ya ngoma. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote, na Maandiko Matakatifu hayamlaumu. Bali mkewe Mikali, aliyemdharau moyoni, ndiye aliyepata aibu. Tena katika mfano wa Mwana Mpotevu, kaka mkubwa aliporudi kutoka shambani alisikia nyumbani sauti ya nyimbo na machezo. Ni baba mwenyewe aliyeiandaa karamu ile.

Kanisa letu la Kongo lajua jambo hili vema. Utaratibu wa Misa wa majimbo ya Zaire, uliokubaliwa na Roma mwaka 1988, waruhusu mapadre na wahudumu kuizunguka altare kwa mwendo wa kucheza, kwa heshima. Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Hata muziki wa kawaida wa nchi yetu umepewa heshima: mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo miongoni mwa urithi wa wanadamu wote.

Lakini si kila dansi ni njema. Katika karamu ya Herode msichana alicheza vizuri, na mwisho wake kichwa cha Yohane Mbatizaji kililetwa katika sinia. Kosa halikuwa katika ngoma. Lilikuwa katika mioyo ya wakubwa waliokuwapo: mama mwenye chuki, na mfalme aliyeapa mbele ya wageni wake akaona haya kurudi nyuma. Basi dansi hupimwa kama safari inavyopimwa: umekwenda na nani, kwa moyo gani, na umefika wapi.

2. JAMBO LA UGENINI

Mbona basi twauliza habari ya ugenini? Kwa sababu kwetu ngoma huchezwa mbele ya macho ya watu. Bibi ameketi juu ya kigoda chake, mashemeji wamesimama kando, mwalimu wa dini anapita njiani. Kijana akizidi kiasi, yupo atakayekohoa. Macho hayo ni kama ua unaolinda shamba. Ugenini ua haupo.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, ametuachia habari ya rafiki yake Alipio. Kijana huyo alitoka kwao Tagaste akaenda Roma kusoma sheria. Siku moja wenzake walimvuta kwa nguvu mpaka uwanjani, mahali watu walipouana mbele ya watazamaji. Alipio alichukia mchezo huo, akaapa kwamba atakaa huku amefumba macho. Akafumba. Lakini hakuziba masikio. Umati ulipopiga kelele, alifumbua macho mara moja tu, na tangu dakika ile alilewa damu kama wenzake, akawa yeye ndiye mwenye kuwaita wengine. Baadaye Mungu alimrudisha, hata akawa Askofu wa Tagaste. Twaona kwamba mtu peke yake kati ya umati wa wageni ni dhaifu kuliko anavyodhani.

Tena yule Mwana Mpotevu hakuitapanya mali yake kijijini kwa baba yake. Kwanza alikwenda nchi ya mbali.

Tungedhani basi kwamba hatari ya ugenini ni ulevi na uzinzi tu. Hatari hizo zipo, na mapadre wetu hawachoki kutuonya. Lakini ipo nyingine ambayo mimi sikuijua mpaka iliponipata. Kwa kuwa nimekwisha iungama, sioni haya kuisimulia hapa, kama yaweza kumfaa msomaji.

3. YALIYONIPATA

Mwaka 2022 jamaa zangu walinituma Dar es Salaam kununua vipuri vya mashine ya kusaga. Nilitoka Salamabila kwa pikipiki, nikapita Kabambare, nikashuka hadi Baraka, nikavuka ziwa kwa mashua mpaka Kigoma, kisha nikapanda gari moshi. Kazi ilikwisha vizuri. Usiku wa mwisho mfanyabiashara mmoja niliyefahamiana naye njiani alinialika katika jumba kubwa la dansi. "Mwalimu," akaniambia, "hapa hakuna Mwalimu. Hapa hakuna anayekujua."

Nilipokuwa nikivaa, niliivua rozari yangu shingoni nikaiweka chini ya mto. Nililiona jambo dogo.

Jumba lilikuwa kubwa, limejaa watu na taa, na bendi yenye magitaa na matarumbeta. Walipiga wimbo mmoja wa marehemu Remmy Ongala. Wasomaji wengi wamjua: alizaliwa mwaka 1947 huku kwetu Maniema, upande wa Kindu, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili habari za maskini na za kifo hata akapendwa na nchi nzima. Mahali alipokaa Sinza watu wakapaita kwa Remmy. Miaka yake ya mwisho aliimba nyimbo za kumsifu Mungu, akafariki tarehe 13 Desemba 2010. Basi nilisikia sauti ya kwetu katika nchi ya watu, nikainuka kucheza kwa furaha. Mpaka hapo sidhani kwamba nilikosa.

Lakini saa zilipita, na chupa pia. Nilicheza na mwanamke nisiyelijua jina lake, naye aliponiuliza langu, nilimtajia jina la uongo. Lilitoka kinywani kwa wepesi ulionishangaza. Nikaona raha kama ya mtu aliyetua mzigo: hapa mimi si mwalimu, si mume wa mtu, si mtoto wa mtu.

Ndipo akaja kijana mmoja aliyekuwa akibeba makreti ya chupa. Alikuwa amesikia namna yangu ya kusema. Akaweka kreti chini, akafuta mikono, akasema kwa adabu, "Yaya, samahani. Wewe si wa kwetu, upande wa Kabambare?" Aliniita yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa. Huko Dar es Salaam hakuna mtu angeniita hivyo.

Nilimtazama yule mwanamke, nikaitazama chupa yangu, nikafikiri: huyu akiwajua jamaa zangu, habari zitafika nyumbani kabla yangu. Nikamjibu, "Hapana. Mimi ni mtu wa Kigoma."

Akasema, "Unisamehe. Nilitaka kuuliza tu kama watu wamerudi Salamabila. Mama yangu alibaki kule." Akainua kreti lake akaenda.

Wasomaji wa Salamabila hawana haja ya kuelezwa. Wakumbuka mwaka 2019, watu wenye silaha walipoyashambulia machimbo ya dhahabu ya Namoya hata kazi ikasimamishwa, na jinsi watu walivyokimbilia porini, na wengine mbali zaidi. Kijana yule aliuliza neno moja tu, ambalo katika mji ule wote pengine mimi peke yangu ningeweza kulijibu. Nami nilimnyima, ili nipate kucheza saa moja zaidi.

Asubuhi nilirudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi akaniambia kwamba vibarua wa makreti huajiriwa usiku kwa usiku, na hakuna anayejua yupi atarudi. Nilimwachia karatasi yenye jina langu la kweli na namba ya simu. Gari moshi liliondoka siku hiyo hiyo.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kuungama. Nilianza na mambo ya dansi na ya pombe. Padre alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Na yule mama, umemtafuta?" Nikaanza kumtafuta. Nilipata akina mama watatu ambao kila mmoja ana mtoto wa kiume aliyekimbilia upande wa Dar es Salaam. Kila mmoja aliniuliza: ni mrefu? Ana kovu juu ya jicho? Asema kwa kusitasita? Sikuweza kuwajibu. Sikumtazama usoni. Mmoja alinishika mkono akasema, "Angalau yupo mtoto wa mtu aliye hai." Mpaka leo karatasi yangu haijajibiwa.

4. UANI KWA KUHANI MKUU

Injili ya Mathayo yatuambia kwamba usiku ule Yesu aliposhikwa, Petro aliketi uani pamoja na watumishi. Waliokuwa wamesimama pale walimtambua kwa namna ya kusema kwake, maana alisema kama watu wa Galilaya. Petro akaapa kwamba hamjui mtu yule. Mara nyingi nimewafundisha watoto habari hiyo, nami sikufikiri kamwe kwamba itanipata katika jumba la dansi, kati ya magitaa. Kumbe namna ya kusema yaweza kuwa wito. Mtu akutambuaye kwa ulimi wako asema: wewe ni ndugu yangu, nami nakuhitaji.

Wazee wetu husema: Mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilidhani kwamba kule ambako hakuna anijuaye ndiko nitakuwa huru. Lakini nilikuwa mtumwa wa jina la uongo: ilinibidi kulilinda, na kwa kulilinda nikamfukuza ndugu. Aliye huru kweli ni yule awezaye kuitwa jina lake mahali popote asiogope. Remmy aliishi katika mji ule ule miaka mingi, nao watu walijua ametoka Kongo. Hakuacha kuwa mtu wa kwao ili apendwe. Nami nilicheza wimbo wake huku nikificha nchi iliyomzaa.

Dhambi kubwa huzaliwa pale mtu anaposema, "Usiku huu mimi si mimi." Neno hilo si la kweli. Ubatizo hauvuliwi kama rozari na kuwekwa chini ya mto. Malaika mlinzi hakai mpakani kutungojea turudi. Naye Mungu anatujua Dar es Salaam kama anavyotujua Salamabila.

5. MASHAURI

Turudi basi kwenye swali letu. Mkristo aliye safarini aweza kwenda kucheza? Aweza, kama ataweza kufanya hivyo akiwa mtu yule yule. Ajipime kwa maswali matatu.

La kwanza: Je, naweza kwenda huko kwa jina langu la kweli? Ukiona wataka kuficha jina, kabila, ndoa au dini yako, baki nyumbani. Huhitaji kitabu cha sheria. Mkono wako unaovua pete au rozari umekwisha kukuhukumu.

La pili: Je, ninaye mwenzangu? Tobia kijana aliposafiri nchi ya mbali, Mungu alimpa Rafaeli awe mwenzake. Usiende na rafiki wa siku moja anayekuambia kwamba hakuna anayekujua. Nenda na yule atakayekukumbusha wewe ni nani.

La tatu: Je, akinijia mtu mwenye shida, nitaweza kuacha kucheza nikamsikiliza? Furaha njema ina mlango ulio wazi. Furaha isiyovumilia kukatizwa imekwisha kuwa bwana wetu.

Tumkumbuke Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa Kongo, mfanyakazi, aliyebatizwa mwaka 1906. Alikwenda kufanya kazi katika shamba la Wazungu, mbali na wamisionari, mahali ambapo angeweza kuuficha Ukristo wake asilaumiwe na mtu. Alivaa Skapulari ya Bikira Maria. Msimamizi alimwamuru aivue. Alikataa, akapigwa mijeledi vibaya sana, naye akafa kwa vidonda hivyo tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Yeye aliamriwa kwa mjeledi aivue Skapulari, asikubali. Mimi niliivua rozari yangu bila kuamriwa na mtu.

Wapenzi wasomaji, kama miongoni mwenu yupo ambaye mtoto wake hubeba makreti usiku huko Dar es Salaam, na kama amewahi kuwasimulia habari ya mtu aliyejiita wa Kigoma, mwambieni kwamba mtu yule ni wa Salamabila. Mwambieni kwamba watu wengi wamerudi nyumbani. Na kwamba yaya wake amwomba msamaha.

Tumsifu Yesu Kristo.