Msomaji wa Barua ya Mwingine: Suala la Maadili katika Uhakiki wa Nyaraka za Waandishi

Katika Migori na Homa Bay, sehemu zilizojulikana zamani kama Nyanza Kusini, barua iliingia majumbani kabla ya elimu ya kusoma kuenea. Vijana walikwenda kutafuta kazi Kericho, Nairobi na Mombasa, wazazi walibaki. Barua ilipofika, aliitwa mtoto wa shule aisome kwa sauti mbele ya mama asiyejua kusoma. Mtoto huyo hakuwa ameandikiwa, wala barua haikuwa mali yake. Hata hivyo, bila yeye ilikuwa karatasi tu. Dhima yake ilikuwa na pande mbili: kusoma yote bila kupunguza, na kutoyatoa nje ya boma aliyoyasoma.

Mhakiki anayefungua barua za mwandishi aliyekwisha kufariki yumo katika nafasi hiyohiyo. Je, anayo haki ya kutangaza maneno ambayo hakuandikiwa yeye? Jibu la haraka ni manufaa. Chekhov na Gorky walianza kuandikiana mwaka 1898, na katika barua hizo mkubwa alimwonya mdogo wake dhidi ya kurundika vivumishi. Humo msomaji huona jinsi hukumu ya kifasihi inavyozaliwa ndani ya urafiki. Lakini manufaa peke yake hayaumbi haki. Kama yangetosha, hata jirani anayetega sikio dirishani angekuwa na udhuru.

Jibu la pili ni idhini. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002, miaka arobaini baada ya kifo cha mwandishi. Hapa mlango ulifunguliwa na aliyeandikiwa mwenyewe, na idhini yake ina uzito. Hata hivyo si idhini kamili: karatasi ni ya aliyepokea, maneno ni ya aliyeandika, na watu wanaotajwa katika barua yoyote aghalabu hawaulizwi kamwe.

Swali la msingi, basi, ni upana wa boma. Mwandishi anapochapisha kitabu huwaalika wasomaji uani kwake. Yahusuyo kazi hiyo, wao si wageni tena. Yahusuyo maradhi, ndoa na watoto yamebaki chumbani, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe haieleweki bila hayo. Mpaka huu hauchoreki kwa rula, na mhariri atalazimika kuacha baadhi ya mambo. Namna ya kuacha ndiyo inayompima. Mtoto anayesema, "Mama, hapa pana neno nitakalokusomea tukiwa wawili," hajadanganya. Anayeruka mstari kimyakimya, hata kwa huruma, amemnyang'anya mama barua yake. Vivyo hivyo, mhariri anayeonyesha mahali alipokata ni mwaminifu. Anayeficha mkato ametunga barua mpya na kuitia sahihi ya marehemu.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Homa Bay. Mwaka 1956, Tom Mboya, mwana wa ukoo wa Rusinga, alichapishiwa na Chama cha Fabian cha Uingereza kijitabu kuhusu suala la Kenya, chenye dibaji ya Margery Perham. Dibaji ni sura ya hadharani ya uhusiano wa waandishi. Sura ya faragha hutafutwa katika nyaraka. Nyaraka za Perham zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Za Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, zimo katika Hoover Institution, California. Kaburi lake liko Rusinga. Mwanafunzi wa Homa Bay anaweza kulizuru kaburi na kurudi kabla ya jua kutua. Kuzifikia karatasi kunahitaji pasipoti, viza na nauli.

Hapa mfano wa mtoto unageuka. Ni kana kwamba ameichukua barua akaenda kuisoma kwa wageni, ilhali mama angali ameketi uani akisubiri. Kuhifadhi si kosa; karatasi nyingi zilizobaki majumbani zimeliwa na mchwa. Kosa ni kusahau kwamba aliyepewa kusoma amekopeshwa tu. Mhakiki anayetumia nyaraka za namna hii ana deni ambalo tanbihi nadhifu haziwezi kulilipa. Hulilipa anapohakikisha kwamba nakala, pamoja na tafsiri za Kiswahili na Kijaluo, zinafika katika maktaba za Chuo Kikuu cha Rongo, Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Homa Bay. Uaminifu na usiri ni dhima alizokuwa nazo hata mtoto wa uani. Umbali umeongeza ya tatu: barua isomwe kwanza nyumbani.