Uwanja wa Wote na Mtu Asiye na Nyumba

Suala ninaloomba tulitafakari safari hii limewahi kuwagawa majirani wema, na bado linawagawa. Halmashauri ina orodha ndefu ya watu wanaongojea nyumba. Ardhi ya mjini ni ghali mno. Ardhi ambayo halmashauri haina haja ya kuinunua ni ile ambayo tayari ni ya umma, na sehemu yake kubwa ni bustani na viwanja vya kupumzikia. Basi diwani mmoja anasimama kikaoni na kuuliza: kwa nini tusikate kipande cha bustani tukajenga nyumba za kodi nafuu? Diwani mwingine anajibu kuwa bustani tumeachiwa na waliotutangulia, na sisi hatuna ruhusa ya kuigawa. Nani kati yao ana haki?

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna jibu la haraka, nalo lina sababu zake. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilitaka kuinua jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Marehemu Wangari Maathai alipinga, akakejeliwa hadi bungeni, na mwishowe mradi ukaachwa. Tangu hapo, tukisikia ujenzi na bustani vikitajwa pamoja, macho yetu humtafuta mnyang'anyi. Lakini aliyeitaka Uhuru Park alikuwa mkubwa mwenye kutaka ofisi. Anayeitaka bustani katika mjadala wetu wa leo ni mama mwenye watoto watatu, wanaolala wote katika chumba kimoja cha makazi ya muda. Huyu si mnyang'anyi. Kwa hiyo jibu letu la haraka halitoshi.

Tuchukue mfano wa mashariki ya London, mitaa ambayo Waswahili wengi wa Uingereza wanaifahamu. Ukitoka Forest Gate ukaelekea kaskazini unafika Wanstead Flats, uwanda mpana wa nyasi ambao siku za mapumziko hujaa timu za mpira. Uwanda huo ni sehemu ya msitu wa Epping. Mwezi Julai 1871 maelfu ya watu walikusanyika hapo kumpinga bwana mmoja mwenye ardhi aliyezungushia ua sehemu yake, na ua ule ukavunjwa. Mwaka 1878 Bunge likapitisha sheria iliyoukabidhi msitu kwa mamlaka ya City of London na kuamuru ubaki wazi, bila ua wala majengo, kwa ajili ya mapumziko ya watu wote.

Miaka 68 baadaye ikaja njaa ya nyumba. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa yameteketeza maelfu ya nyumba katika West Ham, eneo ambalo leo ni sehemu ya Newham. Nyumba za muda zilikuwa tayari zimesimamishwa pembezoni mwa uwanda. Mwaka 1946 baraza la West Ham likaomba lichukue sehemu ya uwanda kwa nguvu ya sheria na kujenga nyumba za kudumu. Baraza lenyewe lilikuwa la chama cha Labour, chama cha wafanyakazi, na miongoni mwa waliolipinga walikuwamo wafanyakazi wa mitaa ileile. Makumi ya maelfu ya watu walitia saini kupinga. Ukafanyika uchunguzi wa hadhara, na mwaka 1947 waziri aliyehusika, Lewis Silkin, akalikataa ombi la baraza. Ndiyo maana mpira unachezwa pale hadi leo.

Je, waziri alifanya haki?

Wenye kusema ndiyo wana hoja nzito. Watu wa pwani wanalijua neno wakfu. Mtu akiweka shamba au nyumba wakfu, ile mali haiuzwi wala hairithiwi, manufaa yake tu ndiyo yanayogawiwa kizazi baada ya kizazi. Sheria ya 1878 ilifanana na wakfu kwa umma mzima. Na kila kizazi kitakuwa na dharura yake. Leo ni nyumba, kesho ni shule, keshokutwa ni barabara, na kila dharura itaomba kipande kimoja tu. Nyumba mbovu hubomolewa ikajengwa nzuri zaidi, lakini ni mara chache mno kuona mtaa ukibomolewa ili nyasi zirudi. Anayeigawa bustani leo anawaamulia hata wajukuu wa watu ambao hawajazaliwa. Tena bustani ndiyo ua wa asiye na ua. Tajiri ana bustani yake nyuma ya nyumba. Mtoto wa ghorofa ya tisa atakimbia wapi?

Na wenye kusema hapana wana hoja nzito vilevile. Katika vikao vya mipango miji tunawaona wakazi wa jirani, wenye anwani, wenye kura, wenye muda wa kuandika barua. Asiye na nyumba hayupo. Pengine amepewa chumba katika mtaa mwingine, na tangazo la kikao halikumfikia. Yule ambaye angehamia katika nyumba ambayo haijajengwa hana diwani wa kumsemea, maana bado si mkazi wa hapo. Basi upande mmoja unajaza ukumbi na upande wa pili hauna hata kiti. Waswahili husema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na aliyekwisha kupata paa ni rahisi kwake kuyapenda majani. Hata katika wakfu wanavyuoni walitofautiana: wapo waliokataza kabisa kuibadilisha mali yake, na wapo walioruhusu kwa masharti iwapo manufaa yake yamekwisha na badala yake ni bora.

Nionavyo mimi, haki ya kusema hapana ipo, lakini ina bei, na swali kubwa ni nani anailipa. Silkin aliyekataa kuutoa uwanda ndiye pia aliyepitisha sheria ya miji mipya ya 1946, na Harlow, katika Essex, ukatangazwa mji mpya mwaka uleule wa 1947. Kwa mkono mmoja alizuia, kwa mkono wa pili akatoa. Hilo linamtofautisha na mtu anayezuia kisha akaenda zake nyumbani kulala.

Hata hivyo bei ililipwa, na waliolipa zaidi ni waliohama. Michael Young na Peter Willmott, katika kitabu chao cha 1957, walieleza habari za watu wa Bethnal Green waliohamishiwa mtaa mpya huko Essex. Walipata nyumba safi yenye bafu na nafasi. Walichopungukiwa ni mama, dada na shangazi waliokuwa wakiishi karibu, wa kuwaachia mtoto na kuwaazima sukari. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa maana ya hasara hiyo. Na leo halmashauri za London bado huwapeleka baadhi ya familia katika miji ya mbali, kwa sababu karibu hakuna nafasi. Uwanda umesalia, na nafasi ya wale watu imetafutwa mbali na ndugu zao.

Kwa upande wa pili, anayeomba bustani naye ana deni la ukweli. Berlin waliufunga uwanja wa ndege wa Tempelhof mwaka 2008 na kuufungua kwa wananchi mwaka 2010. Serikali ya jiji ikataka kujenga nyumba zipatazo 4,700 kwenye kingo na kuliacha wazi eneo kubwa la katikati. Tarehe 25 Mei 2014 ikapigwa kura ya maoni, na takriban asilimia 64 ya waliopiga wakaunga mkono sheria ya kuzuia ujenzi. Hoja iliyorudiwa sana ilikuwa ya kutoaminiana: nyumba hizo ni nafuu kwa nani? Swali hilo ni la haki. Uingereza, tangu 2011, ipo aina ya kodi inayoitwa nafuu ambayo inaweza kufikia asilimia 80 ya kodi ya soko. Mwenye kufagia ofisi usiku hawezi kuiita nafuu. Mtu hawezi kuombwa atoe sadaka kwa ajili ya maskini kisha akute aliyepokea ni tajiri. Ila mwaka 2016 Berlin waliirekebisha sheria hiyo kuruhusu makazi ya muda ya wakimbizi pembezoni mwa uwanja. Lango walilokwisha kulifunga wakalifungua kidogo, kwa sababu walimwona mwenye shida amesimama mbele yao.

Kwa hiyo naweka masharti mawili, moja kwa kila upande. Anayesema "tujenge hapa" aseme waziwazi nyumba ngapi, kwa kodi ya nani, zitabaki nafuu kwa miaka mingapi, na ni uwanja gani utafunguliwa badala ya huu. Anayesema "hapa hapana" ataje ni wapi, na pale patakapotajwa, hata kama ni maegesho ya magari yaliyo mbele ya mlango wake, asiandike barua nyingine ya kupinga. Akishindwa sharti hilo, basi haitetei bustani. Anajitetea mwenyewe, na miti anaitumia kama pazia.

Sisi wa ughaibuni tumo pande zote mbili. Wapo kati yetu walionunua nyumba zinazotazama bustani, na wapo wanaongojea simu ya halmashauri mwaka wa tano huu. Tunakutana harusini na msibani, tunaulizana hali, na kila mmoja anajibu njema. Tangazo la kikao likibandikwa kwenye nguzo ya taa mtaani kwenu, mwenye paa ampigie simu asiye na paa, waende pamoja. Wakifika huko, kila mmoja aseme lake, mwenzake akiwa amekaa kiti cha pili akisikiliza.