Manute Bol na hesabu ya ng'ombe

Mwaka 2002 televisheni ya Fox ya Marekani ilirusha pambano la ngumi la watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa bondia. Kona moja alikuwa William Perry, mchezaji mstaafu wa futiboli ya Kimarekani, pande la mtu aliyepewa jina la utani la Jokofu. Kona ya pili alisimama Manute Bol, mita 2.31 toka unyayo hadi utosi, mwembamba kama mwanzi, viungo vikimsumbua kwa baridi yabisi. Wengi walikaa mbele ya runinga ili wacheke. Manute alikuwa na sharti lake: namba ya simu ya mfuko wa Ring True, uliokuwa ukichangisha kwa ajili ya watu wa Sudan, ionekane kwenye kioo. Akashinda kwa pointi, na malipo akayapeleka kwenye mfuko.

Mwaka huohuo alisaini mkataba na timu ya magongo ya barafuni ya Indianapolis ilhali hajui kuteleza kwenye barafu. Uliofuata, akavaa mavazi ya mpanda farasi wa mashindano. Watu waje kumshangaa, na wakishakuja wasikie habari za nchi yake. Mtu mzima, mzao wa machifu, baba wa watoto, anakubali kuwa kioja mbele ya umati kwa kuwa mfukoni hakijabaki kitu cha kutoa. Ni vigumu kukumbuka hayo bila donge kukaa kooni.

Alikwishapata, na alikwishagawa. Alizaliwa Turalei, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, kwa Wadinka, na jina lake hutafsiriwa kuwa baraka ya pekee. Utotoni alichunga ng'ombe. Mwaka 1983 alifika Marekani, na mwaka 1985 akaingia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya huko, na timu ya Washington Bullets. Msimu wa kwanza alizuia mipira 397. Hadi anastaafu alikuwa amezuia mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599 tu. Katika historia ya ligi ile, ni nadra sana mchezaji kuzuia mingi kuliko alivyofunga. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya goli na kuinua mikono.

Fedha zilikuja, na vita vya nyumbani, vya watu wa kusini dhidi ya serikali ya Khartoum, vikazifuata. Aliwahi kusema kwamba jamaa zake wapatao 250 waliuawa katika vita hivyo. Alitembelea kambi za wakimbizi, akalipia, akatuma, akachangia chama cha ukombozi cha SPLM/A. Inakadiriwa kwamba alikitolea chama hicho dola milioni 3.5. Huko Marekani walimhesabu kuwa mtu aliyefilisika kwa kukosa mshauri mzuri wa fedha.

Kwa hesabu ya benki, ndivyo. Lakini mtoto aliyekulia nyuma ya mifugo ya Wadinka hufundishwa hesabu nyingine. Mahari ya binti haiishii kwa baba yake: wajomba, ami na kaka wana mafungu yao. Zizi la nduguyo likipungua, unapeleka, na lako likipungua utaletewa. Mwenye ng'ombe wengi asiye na watu huko kwao anahurumiwa. Manute aliichukua hesabu hiyo ya ukoo akaitandaza juu ya watu wote wa kusini waliokuwa wakikimbia risasi. Hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kuliko urefu.

Si kila shilingi yake ilizaa heri. Chama alichokichangia ndicho kilichopasuka Desemba 2013, askari wakapigana mitaani Juba, na wananchi wakakimbilia kambi za Umoja wa Mataifa ndani ya mji wao wenyewe. Anayemkumbuka kwa haki hana budi kulikumbuka na hilo. Yeye alitoa kwa moyo mmoja, na waliopokea walikuwa na mioyo mingi.

Nyumbani kwake nako kulionja gharama. Ndoa yake ya kwanza, iliyompa watoto wanne, ilivunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi Khartoum kwa matumaini ya amani. Serikali ikamwahidi uwaziri wa michezo kwa sharti la kubadili dini, akakataa. Baadaye alituhumiwa kuwa jasusi wa Marekani, akakwama pale kabla ya kupata njia ya kutoka kupitia Misri na kuingia Marekani kama mkimbizi, katika nchi ileile alikokuwa nyota. Mwaka 2004 ajali ya teksi ilimvunja shingo. Alipopata nafuu alihamia Olathe, Kansas, na mkewe wa pili, Ajok, aliyezaa naye watoto sita. Mmoja wao, Bol Bol, alizaliwa Khartoum mwaka 1999, na mikono yake mirefu ilikuja kuonekana NBA.

Halafu akarudi kwenye kutoa, safari hii shule. Pamoja na shirika la Sudan Sunrise alipanga kujenga 41, ya kwanza Turalei. Mwaka 2010 alikwenda kuitazama kazi, akaombwa na Salva Kiir, kiongozi wa kusini, abaki kwa ajili ya uchaguzi wa Aprili, akabaki, akaugua. Alifariki Virginia tarehe 19 Juni 2010 akiwa na miaka 47. Bol Bol alikuwa na miaka 10. Walimrudisha Turalei wakamzika huko. Uhuru wa Sudan Kusini ulitangazwa Juba mwaka uliofuata, tarehe 9 Julai, yeye hayupo.

Uwanja wa kikapu wa Nimra Talata, Juba, umelea vijana wengi ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Wanamjua mwingine zaidi, Luol Deng. Na Luol, mzaliwa wa Wau, alikuwa mtoto mkimbizi nchini Misri pale Manute alipomfundisha yeye na kaka yake namna ya kushika mpira. Alipostaafu NBA mwaka 2019 Luol alichukua uongozi wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, akaanza kulipia timu ya taifa kutoka mfukoni mwake, tiketi na hoteli. Nchi haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani. Mwalimu na mwanafunzi walisoma hesabu moja, ila mwanafunzi, aliyewekeza katika majengo na mahoteli, alijua pia kulinda zizi.

Julai 20, 2024, jijini London, timu hiyo iliibana Marekani ya LeBron James hadi sekunde za mwisho, ikafungwa 101 kwa 100. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki, ilisimama mjini Lille kabla ya kucheza na Puerto Rico, na vipaza sauti vikatoa wimbo wa taifa usio wao: wa Sudan. Uwanja ukazomea kosa lile, muziki ukakatwa. Wachezaji hawakuondoka kwenye mstari. Walibaki mikono vifuani, wakingoja, mpaka ukapigwa wimbo wa Sudan Kusini. Wakacheza, wakashinda 90 kwa 79.